Fulana ya Tangu 1949

Mjukuu wangu Lusubilo alikuwa na akili nyingi mno za kukaa shambani, kwa hiyo alikwenda Tunduma kuzeesha fulana.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Alikuwa ananunua fulana mpya, bado imekunjwa ndani ya nailoni. Anailoweka kwenye maji ya dawa mpaka ipauke. Anaisugua kwa jiwe shingoni na mabegani mpaka nyuzi zianze kulia. Kisha anaiwekea fremu yenye wavu, anapitisha wino, na picha inatokea kifuani. Hiyo picha nayo anaifanya kwa makusudi isikolee, ionekane kama imefuliwa na mama mkwe mwenye hasira. Baada ya kazi yote hiyo fulana mpya inakuwa sawasawa na ile ninayodekia. Hapo ndipo anaitundika dukani na kuiuza ghali kuliko alivyoinunua ikiwa nzima.

"Mume wangu," nilimwambia siku niliyokwenda kumtembelea, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume hata kama hajui kununua chumvi, "hapo nyuma ya duka lako pana soko zima la mitumba. Fulana za kule zimechakaa zenyewe, kwa uaminifu, bila kusumbuliwa na mtu. Kwa nini usiuze zile?"

"Bibi, zile ni kuukuu. Hizi ni za zamani."

"Tofauti yake?"

"Kuukuu anavaa mtu kwa sababu hana nyingine. Ya zamani anavaa mwenye nyingine nyingi."

Miaka ile ya themanini mwanzoni, duka la kijiji lilipokuwa na rafu na mwuzaji bila nguo hata moja, mimi nilivaa gauni lenye viraka vya rangi sita. Kumbe nilikuwa mtu wa mtindo, na wote tuliokuwa tukionana kwenye foleni ya sabuni tulikuwa watu wa mtindo. Hakuna aliyetuambia. Tungejivuna.

Duka lenyewe lilikuwa kontena lililotobolewa mlango, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Lusubilo alikuwa amehesabu kwamba dereva akikaa foleni muda mrefu lazima atanunua kitu. Kweli walinunua. Walinunua mihogo ya kukaanga kwa jirani.

Baba yake, Anania, ni mwanangu wa kwanza, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa hapa kijijini Ruanda, Mbozi, mtu asiyecheka mpaka apate kibali. Alikuwa amemwambia kijana wake mbele yangu: "Kahawa ikianza kuiva na wewe bado hujaeleweka, unapaka tu watu rangi vifuani, unarudi shambani. Na hiyo fremu nitaifanya mlango wa banda la kuku."

Anania akisema, amesema. Nami kila asubuhi nikipita kwenye mibuni natazama punje. Zilikuwa za kijani. Zikaanza kuwa za njano. Mibuni haijawahi kuwa na huruma na mtu.

Nilikuwa na sababu ya kutazama. Tunduma si mbali. Lusubilo alikuwa anakuja Jumapili, ananiletea sukari, ananitukana kwa utani, anakula, anarudi. Nilimjua. Akirudishwa shambani kwa nguvu hatakaa hata mwezi, atavuka mpaka na ndugu zetu wa huko watamsikia akipita tu. Wajukuu wangu wawili wameshakwenda hivyo. Simu zao zinaita Kiingereza.

Sasa, katika kutafuta picha ya kuchapa, Lusubilo akaona ukutani kwangu picha yangu ya mwaka 1974. Niliipiga studio, Tunduma, kabla sijawa na magoti haya. Nywele nimezitimua zimesimama kama kichaka, kola ya shati pana kama mabawa ya mwewe, na machoni miwani nyeusi. Miwani ilikuwa ya mpiga picha. Kila mtu aliyepigwa picha mwaka ule aliivaa. Ukizikusanya picha zetu utadhani wilaya nzima ya Mbozi iliugua macho.

"Bibi, nikaitie kioo kipya," akasema, akaondoka nayo.

Niliyoiona baadaye haikuwa na kioo. Ilikuwa kifuani mwa fulana, uso wangu mzima, chini yake limeandikwa jina langu, KETRINA, na chini ya jina kwa herufi ndogo: Tangu 1949.

"Duka lako umefungua baada ya Pasaka," nikamwambia. "1949 imetoka wapi?"

"Ndiyo mwaka wako wa kuzaliwa, bibi. Nguo za staili hii lazima ziwe na mwaka. Mteja anataka kuona kitu kilianza kitambo."

"Kwa hiyo nilizaliwa ili wewe uuze fulana."

"Ni heshima, bibi."

"Na kuniuliza je, si heshima?"

Akacheka, akanipa moja bure. Nikaikunja, nikaiweka sandukuni. Sikutaka kudekia uso wangu.

Heshima hiyo haikununulika. Madereva walikuwa wanaitazama, wanauliza, "Huyu mama anagombea nini?" na kurudi kwenye mihogo. Punje za kahawa zikaanza kushika wekundu. Hapo Lusubilo akapata wazo, na mimi mawazo yake nayaogopa kuliko mvua ya mawe. Akachukua fulana, akawagawia vijana wa bodaboda wa Nanyala, hapo chini barabarani. Masharti yalikuwa kwamba wazivae wote siku moja, wapite barabara kuu mpaka Mlowo na kurudi, kwa mstari mmoja, taratibu, taa zimewashwa, ili watu wapate nafasi ya kusoma.

Hapa niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua isipokuwa wenye maduka ya mtindo. Siku hizi mtu akifa, jambo la kwanza ni fulana. Sanduku litafuata. Uso wa marehemu kifuani, jina chini, mwaka aliozaliwa, na ndugu wote sare. Wapo waliokosa hata dawa ya kichwa wakiwa hai, lakini fulana hawakukosa. Kwa hiyo ukiona pale barabarani msururu wa pikipiki, mwendo wa pole, taa zinawaka mchana, vifua vyote vina uso mmoja wa mwanamke na mwaka aliozaliwa, huulizi. Unavua kofia.

Wifi yangu Teresia, dada wa marehemu mume wangu, anauza parachichi pale Nanyala, kando ya barabara. Hana kofia. Alivua kilemba.

Kwa haki, alijaribu kuhakikisha. Alinipigia simu. Simu yangu ilikuwa dukani kwa jirani inachajiwa, kwa hiyo nilikuwa nimekufa. Akampigia Anania. Anania alikuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa, anaiandaa kwa msimu, na mashine ile ikiunguruma hata parapanda haisikiki. Mwana hapokei simu, mama hapatikani. Ushahidi gani mwingine mtu angetaka? Teresia akafunga meza, akakusanya wanawake wa Nanyala.

Mimi nilikuwa uani nachambua maharage. Nikasikia kilio kinakuja kutoka barabarani, kilio kikubwa, cha wanawake wengi. Kwetu kilio hupokelewa kwanza, maswali baadaye. Ukianza kuuliza nani amekufa kabla hujalia utaonekana una roho ngumu. Kwa hiyo nikasukuma ungo pembeni, nikajifunga kitenge kiunoni, nikatoka nje nikiwa nimeshika kichwa, nalia kwa sauti yangu yote.

Tulikutana kwenye njia nyembamba ya kuingilia, kati ya migomba. Teresia alikuwa mbele, ameyafumba macho kwa uchungu.

"Ameondoka weee!"

"Ameondoka weee!" nikaitikia.

"Mwema sana weee! Mkarimu! Alinipa kitenge chake kipya weee!"

"Mkarimu weee!" nikasema, kisha nikapunguza sauti. "Wifi, nani huyo?"

"Ketrina weee!"

"Ketrina gani?"

"Ketrina wa kwetu! Wa kaka yangu!"

Nikaacha kulia. "Teresia, kitenge kile nilikuazima."

Akafumbua macho. Sijui kama mmewahi kumwona mtu akikukasirikia kwa sababu unapumua. Kwanza alipiga kelele ya kweli, si ile ya msiba. Pili akanishika shavu, akalifinya. Tatu akasema, "Sasa wewe unafanya nini hapa?"

"Nakaa hapa."

"Nimewaleta watu wote hawa!"

"Nisamehe, wifi. Ningejua ningejitahidi."

Nyuma yake wanawake walikuwa wamesimama na ndoo za unga, maharage, kuni kichwani, na mmoja amekumbatia jogoo. Waimba kwaya walikuwa wameshakohoa kusafisha koo. Niliona sura zao. Wengine walifurahi, nasema kweli, lakini wengine walikuwa wamefunga biashara zao, wamepanda kilima juani, na sasa wamekuta marehemu ana ungo wa maharage. Mtu ana haki ya kuvunjika moyo.

Akaitwa shemeji Raphaeli, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikuja na fimbo na koti, tayari kwa mazishi.

"Shemeji, uko mzima?"

"Naona hivyo. Wewe waonaje?"

"Basi kuna tatizo," akasema. "Chakula kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani kwa mtu. Kikirudi kinarudi na msiba."

Wanawake wenye ndoo wakarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye ndoo zao wenyewe. Ikabidi kupikwa. Nikawasha moto, maana hata kwenye msiba wako mwenyewe, kama ni nyumba yako, utapika wewe. Jogoo akachinjwa, naye angalau alikufa kweli. Wakakaa kwenye majamvi, wakaanza kula, na kwa kuwa hotuba zilikuwa zimeshaandaliwa vichwani, wakazitoa. Nilisikia kwamba nilikuwa mpole. Nilisikia nilipatanisha watu. Mama mmoja alisimulia jinsi nilivyomwuguza mtoto wake, na huyo mama sijawahi kumwona.

Anania akafika katikati ya pilikapilika hizo. Barabarani alikuwa amepewa pole na kila aliyekutana naye, na ile ya tatu ndiyo iliyomfanya akimbie. Alinikuta nakoroga ugali. Alikaa chini kwenye kinu, mtu mzima na ndevu zake, akafunika uso kwa mikono. Nikamwacha. Alipoinuka, alikuwa amemaliza upande wa kuogopa, amebakiwa na hasira.

"Lusubilo," akasema kwenye simu. "Leta fulana zote. Na fremu. Sasa hivi."

Kijana alikuja na basi dogo la mchana, mfuko mkubwa wa plastiki begani na fremu kwapani. Hajui lolote. Aliona majamvi, akaona watu, akaona koti la Raphaeli, akasimama pale kwenye njia ya migomba, na mfuko ukamteremka begani taratibu.

"Bibi?" akaita.

"Nipo, mume wangu."

"Uko hai?"

"Kidogo. Njoo ule."

Hakula. Walimweka katikati. Teresia ndiye aliyeanza, maana alikuwa na aibu na alitaka mtu wa kuilipa.

"Uliandika mwaka wa kuzaliwa, wa kufa hukuandika! Mimi nikadhani wino umewaishia!"

"Bibi Teresia, ile ni nembo. Ni staili ya zamani, oldi skul."

"Skuli gani inafundisha kumzika bibi yako?"

Watu wakacheka. Anania hakucheka.

Raphaeli akagonga fimbo chini. Alisema maneno yake polepole, na hakuyasema kwa ubaya. Uso wa mtu kuvaliwa na watu wengi, wakatembea nao barabarani, ukaliliwa, ukapikiwa, huo ni msiba. Msiba ukishaandaliwa unamtafuta mwenyewe. Sare za msiba haziachwi zikizagaa na mwenye uso yuko hai. Zichomwe, na kifaa kilichozitengeneza kichomwe, leo, kabla watu hawajatawanyika.

"Nimekubali," akasema Anania. "Na kesho anaanza kuchuma. Kahawa imeshaiva."

Ilikuwa imeiva kweli. Pale tulipokaa ilikuwa inaonekana, nyekundu mpaka bondeni.

Lusubilo hakubishana. Hilo ndilo lililonitisha. Huyu mtoto hubishana hata na jua. Alikuwa ameukumbatia ule mfuko kama mtu anayebeba mtoto mwenye homa, na macho yake yalikuwa yanatazama barabara, upande wa mpakani. Nikajua ameshaondoka. Kilichobaki pale kilikuwa kinangoja usafiri.

Moto wa kupikia ulikuwa bado unawaka. Anania akanyoosha mkono kuchukua fremu.

"Ngojeni," nikasema. "Nimekumbuka kitu ndani."

Hakuna anayemzuia mwanamke mzee kuingia chumbani kwake. Nikafungua sanduku, nikaitoa ile fulana niliyopewa bure. Kuivaa kulikuwa kazi. Shingo ilikuwa imesuguliwa na jiwe mpaka ikawa na matundu mawili, na sikujua kichwa kiingie lipi. Ilinibana mikononi. Niliivaa juu ya gauni, nikafunga kitenge changu chini, nikatoka hivyo, uso wangu wa zamani kifuani na huu wa sasa juu yake.

Mtoto mmoja wa jirani alinionyesha kidole, akaonyesha kifua, akaonyesha tena uso.

Nikaenda nikasimama mbele ya Raphaeli.

"Shemeji, wewe umezika watu wengi kuliko sisi wote. Umewahi kuona marehemu amevaa sare ya msiba wake?"

Raphaeli akanitazama kifuani, kisha akaona haya akatazama fimbo.

"Hapana," akasema. "Marehemu huvaa suti. Au gauni la kanisani."

"Sare wanavaa nani?"

"Wafiwa."

"Mimi nimefiwa na nani hapa?"

Akafikiri. Raphaeli ana sifa moja: akifikiri, anafikiri kweli, hata mkimngoja mpaka ugali upoe. Watu wakangoja. Jicho la Anania lilikuwa kwangu na lilikuwa linaomba nisiendelee, mama yake, mjane wa mwinjilisti, kwenye fulana yenye matundu.

"Mwenye uso akiivaa mwenyewe," Raphaeli akasema mwishowe, "hiyo si sare. Hiyo ni nguo."

"Baba mkubwa..." akaanza Anania.

"Ni nguo, Anania. Mbaya, lakini ni nguo. Nguo hatuchomi."

"Na fremu?"

"Fremu ya kutengenezea nguo tuichome kwa nini? Cherehani umewahi kuichoma?"

Nikamgeukia mwanangu. "Na wewe ulisema atarudi kama hajaeleweka. Leo kuanzia Nanyala mpaka hapa nani hajamwelewa? Kaniua mara moja wakaja watu wote hawa. Wewe ukitangaza mkutano wa kanisa wanakuja wangapi?"

Hapo kwaya nzima ikaangua kicheko, na wengine wao ni walewale wasiokuja kwenye mikutano. Anania alisimama kidogo akiwa amenyoosha mkono. Kisha akaurudisha mfukoni.

"Lakini Jumapili," akaniambia kwa sauti ya chini, "mama, kanisani usije nayo."

"Nitaangalia hali ya hewa."

Nilikwenda nayo. Ilibidi, maana mpaka Mlowo watu walikuwa bado wananilia, na dawa ya habari ile ilikuwa kuniona. Nikaivaa kanisani, nikaivaa gulioni, nikaivaa kwenye kituo cha bodaboda Nanyala ambako vijana walisimama na kunipigia honi. Mwanamke mmoja mfanyabiashara kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alinikuta mlangoni mwa kontena la Lusubilo, akatazama fulana, akanitazama, akapiga magoti kidogo.

"Mayo," akasema, ndiyo mama kwa lugha ya kwao, "ulikuwa unaimba bendi gani?"

Nikamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu akatazama dari.

Yule mama alichukua fulana zote zilizokuwa kwenye kamba, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia kwamba kwenye kwaya niliwekwa mstari wa nyuma na kuombwa nisipaze sauti. Nikaufunga. Kama Mbozi nimekufa bila kufa, basi na Zambia niimbe bila kuimba.

Kahawa ya msimu ule Anania aliichuma na vibarua. Lusubilo alikuja Jumapili kama kawaida, akamsaidia baba yake kuanika mchana kutwa, wakawa wanaongea mambo ya mvua. Maneno ya banda la kuku sikuyasikia tena. Na ile picha yangu ilirudi ukutani, imetiwa kioo kipya, baada ya mimi kumweleza kijana kwamba mara nyingine akitaka uso wa mtu amwombe mwenye uso, si ukuta.

Juzi tulikwenda wote dukani, mimi na Teresia. Alikuwa amesuka, amejipaka mafuta, amevaa kitenge changu. Alisema hawezi kukaa angoje watoto wake wamchapishe siku ambayo hataona kama wamechagua picha nzuri. Picha ya ujana hana. Anayo ya kitambulisho cha kupigia kura, ambayo ametoka kama amekamatwa na kuku wa watu. Kwa hiyo Lusubilo akamkalisha kwenye ndoo mbele ya kontena, akatoa simu, akampiga picha. Teresia akaomba kuona.

"Hii mikunjo yote ya nini?" akasema. "Itoe."

"Bibi, mikunjo ndiyo inayouza. Wateja wa siku hizi wanataka kitu kilichotumika."

Teresia akaitazama tena ile simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kumbe?" akasema. "Basi piga upya. Huku kushoto kuna mingine haijatokea."